Riwaya za mwanasayansi mwanamke: kipi ni kweli, kipi kimetiwa chumvi

Kila inapotoka riwaya ya mwanasayansi mwanamke wa miaka ya 1950, wasomaji hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaoifunga wamefura kwa hasira, wakitamani kumkaba yule mkuu wa idara aliyechukua kazi ya mhusika na kuibandika jina lake. Wapo pia wanaotikisa kichwa: mwandishi ametia chumvi, haiwezekani mtu aliyebobea katika kemia atumwe kuandaa kahawa, sembuse afukuzwe kazi kwa kosa la kuolewa.

Chumvi ipo, ila imetiwa mahali pengine. Yale yanayoonekana ya ajabu kuliko yote, kama kupoteza kazi kwa sababu ya ndoa, yalikuwa kanuni zilizoandikwa, zikapigwa mhuri na kufuatwa mchana kweupe. Kilichokuzwa ni yule mtu mbaya. Riwaya haiendi bila adui mwenye jina na sura, kwa hiyo mwandishi humuumba. Lakini ukisoma habari za wanawake wenyewe waliopitia hayo, mara nyingi unamtafuta mwizi na humpati. Unakuta watu wa heshima, baadhi yao marafiki wa dhati wa wanawake hao, wakifuata taratibu ambazo mwisho wake ulikuwa uleule. Anayemtafuta mwizi peke yake hataelewa kwa nini jambo hili lilidumu muda mrefu hivyo, wala kwa nini halijaisha.

Sifa ina kazi gani kwa mtafiti

Tuanze na neno lenyewe. Katika sayansi, sifa ni kutambuliwa rasmi kwamba kazi fulani ni yako: jina lako juu ya makala ya jarida, jina kwenye hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, cheo chuoni, tuzo. Mtu wa nje anaweza kudhani hayo ni mapambo tu, na kwamba mwanasayansi wa kweli anatosheka na kujua ukweli. Kwa mtafiti, sifa ni mbegu ya msimu ujao. Aliyeandikwa jina leo ndiye atakayepewa fedha, maabara na wasaidizi kesho, na kwa sababu hiyo ndiye mwenye nafasi ya kugundua jambo jingine. Yule ambaye mavuno yake yameingia ghala la mwenzake anaanza msimu mikono mitupu, hata kama mkulima hodari ni yeye.

Mwaka 1968 mwanasosholojia wa Marekani, Robert Merton, aliupa mwelekeo huu jina: athari ya Mathayo. Alikuwa akirejea Injili ya Mathayo 25:29, kwamba kila mwenye kitu atapewa na kuongezewa tele, na asiye na kitu atanyang'anywa hata kile alicho nacho. Merton alieleza jinsi watu wawili wanapofanya kazi pamoja, mmoja maarufu na mwingine hajulikani, dunia inavyompa yule maarufu sifa zote bila hata kufikiri.

Mwaka 1993 mwanahistoria wa sayansi Margaret Rossiter, naye wa Marekani, aliishika nusu ya pili ya aya hiyo. Nani hasa ndiye anayenyang'anywa hata kile alicho nacho? Katika historia aliyokuwa akiichunguza, jibu lilijirudia: wanawake. Akauita mwelekeo huo athari ya Matilda, kwa kumkumbuka Matilda Joslyn Gage, mtetezi wa haki za wanawake wa karne ya 19 aliyeandika juu ya wavumbuzi wanawake waliosahauliwa.

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Makala ya Merton ilitegemea kwa kiasi kikubwa mahojiano ambayo mtafiti kijana, Harriet Zuckerman, alikuwa amewafanyia washindi wa Tuzo ya Nobel. Makala ilitoka kwa jina la Merton peke yake, Zuckerman akitajwa kwenye maelezo. Miaka mingi baadaye Merton mwenyewe aliandika kwamba ilistahili kuwa na majina yote mawili. Hakuwa mwizi. Alikuwa msomi makini aliyekuwa akichunguza hasa namna sifa zinavyopotea, na bado jambo hilo likampita mbele ya macho yake. Ikiwa lilimpita yeye, wangapi wasiolichunguza limewapita?

Kanuni zilizoandikwa

Ubaguzi wa kijinsia ni kumtendea mtu tofauti kwa sababu ni mwanamke au mwanaume, pale ambapo jinsia haihusiani na kazi yenyewe. Ndani ya sayansi umekuwa na sura mbili. Ya kwanza imeandikwa: sheria, katiba za vyama, masharti ya ajira. Ya pili imo vichwani, ni matarajio kuhusu nani anafanana na mwanasayansi. Wasomaji wengi wa leo wanaijua ile ya pili, lakini ile ya kwanza wanadhani ni ya kubuni.

Mwaka 1902 Hertha Ayrton, mhandisi na mwanafizikia wa Uingereza aliyekuwa gwiji wa taa za umeme za wakati huo, alipendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Mawakili walioulizwa walitoa jibu ambalo mwandishi wa riwaya angeogopa kulibuni: mwanamke aliyeolewa si mtu kamili mbele ya sheria, kwa hiyo hawezi kuchaguliwa. Chama hichohicho kilimpa nishani mwaka 1906. Kazi yake ilikubalika, mwenyewe hakukubalika. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, waliingia mwaka 1945. Chuo Kikuu cha Cambridge, kilichokuwa kikiwaruhusu wanawake kufanya mitihani ileile ya wanaume kwa miongo kadhaa, kilikubali kuwatunuku shahada kamili mwaka 1948.

Au chukua suala la ndoa. Katika nchi kadhaa, utumishi wa umma ulikuwa na sharti kwamba mwanamke akiolewa anaacha kazi ya kudumu. Ruby Payne-Scott wa Australia, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya anga kwa kutumia mawimbi ya redio, alifunga ndoa mwaka 1944 na kuificha. Ilipojulikana, mwaka 1950, alivuliwa ajira ya kudumu na haki zilizoambatana nayo. Sharti hilo liliondolewa Australia mwaka 1966. Hapo hakuna bosi mwenye chuki binafsi unayeweza kumnyooshea kidole. Kuna karani aliyesoma kanuni akaitekeleza.

Kanuni inayonishangaza zaidi ni ile iliyotungwa kwa nia njema. Vyuo vingi vya Marekani vilikataza kuajiri ndugu wawili, ili mkubwa asijaze idara jamaa zake. Nani angepinga? Lakini wanasayansi wanawake wengi waliolewa na wanasayansi, na chuo kilipolazimika kuchagua mmoja kati ya mume na mke, kilimchagua mume. Maria Goeppert Mayer, mzaliwa wa Ujerumani, alifuatana na mumewe, mwanakemia, katika vyuo vya Johns Hopkins, Columbia na Chicago, akifundisha na kutafiti miaka nenda miaka rudi bila mshahara wa uprofesa. Katika kipindi hicho alieleza jinsi protoni na nyutroni zinavyojipanga kwa matabaka ndani ya kiini cha atomi. Alipata uprofesa kamili wenye mshahara mwaka 1960, na Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1963. Gazeti moja la San Diego, mji aliokuwa akiishi, lilitangaza habari hiyo kwa kichwa kinachosema mama wa San Diego ameshinda Nobel.

Jina linavyodondoka

Kanuni zinaeleza kwa nini wanawake walikuwa wachache na maskini. Hazielezi kwa nini hata wale waliofanikiwa kugundua jambo hawakutajwa. Hapa ndipo mkanganyiko unapokuwa mkubwa, na ndipo neno "kuiba" linapotumika ovyo.

Rosalind Franklin ndiye mfano unaotajwa kuliko wote, na ndiye anayesimuliwa vibaya kuliko wote. Toleo la mitaani linasema: alipiga picha ya DNA, molekuli inayobeba urithi wa viumbe; James Watson na Francis Crick wa Cambridge, waliokuwa wakitafuta umbo la molekuli hiyo, wakaiiba, wakapewa Nobel iliyokuwa yake. Twende polepole. Franklin alikuwa mtaalamu wa kutumia eksirei kuchunguza mpangilio wa atomi, na mwaka 1951 alianza kuichunguza DNA katika King's College, London. Picha maarufu, iitwayo Picha ya 51, ilipigwa mwaka 1952 na mwanafunzi Raymond Gosling aliyekuwa akifanya kazi chini yake. Mapema mwaka 1953 Maurice Wilkins, wa chuo hichohicho, alimwonyesha Watson picha hiyo bila Franklin kujua. Picha ndiyo iliyovuma, lakini kilichomfaa Crick zaidi ni ripoti ya kazi ya maabara ile yenye vipimo vya Franklin, iliyofika Cambridge kupitia mjumbe wa kamati iliyoikagua. Haikuwa siri, ila haikuwa imechapishwa, na hakuna aliyemwomba ruhusa mwenye vipimo.

Tarehe 25 Aprili 1953 jarida la Nature lilitoa makala tatu zilizofuatana: ya Watson na Crick kwanza, ya Wilkins na wenzake ya pili, ya Franklin na Gosling ya tatu. Mpangilio huo ulifanya kazi kubwa. Aliyesoma kwa mfululizo aliona wazo kuhusu umbo la DNA, kisha ushahidi unaolithibitisha. Kumbe sehemu ya ushahidi huo ilikuwa imetangulia na kusaidia kulizaa wazo.

Je, aliibiwa Nobel? Hapana. Alifariki kwa saratani mwezi Aprili 1958 akiwa na miaka 37, na tuzo ya DNA ilitolewa mwaka 1962. Kwa kanuni za tuzo hiyo, mtu aliyefariki miaka minne kabla hapendekezwi. Alichonyimwa ni kitu kingine: kujua. Hakuna ushahidi kwamba katika uhai wake aliwahi kuelezwa wazi kiasi gani vipimo vyake vilitumika. Kisha mwaka 1968 Watson akatoa kumbukumbu zake zilizomchora kama mwanamke mkali, asiyejua kujipamba, anayeficha data asizozielewa. Marehemu hawezi kujibu. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko suala la picha.

Lise Meitner anatufundisha jambo tofauti, kwamba ubaguzi hauji peke yake. Alifika Berlin mwaka 1907 akiwa na shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka Vienna. Mkuu wa taasisi ya kemia alimkubali kwa sharti kwamba asionekane maabara za juu zenye wanafunzi wanaume, kwa hiyo akafanya kazi chini, katika chumba kilichokuwa karakana ya useremala, bila malipo. Alishirikiana na mwanakemia Otto Hahn kwa takriban miaka 30. Mwaka 1938 alilazimika kuitoroka Ujerumani ya Hitler kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi. Desemba ya mwaka huohuo Hahn, akiwa Berlin na Fritz Strassmann, alipata matokeo asiyoweza kuyaeleza: urani iliyopigwa na nyutroni ilikuwa ikitoa bariamu, elementi yenye uzito wa karibu nusu yake. Alimwandikia Meitner, Uswidi, kumwomba ufafanuzi. Meitner na mpwa wake, Otto Frisch, ndio waliokokotoa na kueleza kwamba kiini cha atomi kimepasuka vipande viwili.

Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 ilikwenda kwa Hahn peke yake. Jina la Meitner lisingeweza kuwekwa kwenye makala iliyotoka Berlin, kwa kuwa alikuwa mkimbizi. Kamati ililipima suala kama la kemia, naye alikuwa mwanafizikia. Baada ya vita Hahn alizoea kulieleza jambo lile kana kwamba lilikuwa kazi ya kemia tangu mwanzo hadi mwisho. Basi ni ubaguzi wa jinsia, wa asili, au ni mpaka kati ya taaluma mbili? Ulikuwa mchanganyiko, na anayetaka kuchomoa kamba moja tu ataivuruga habari yote. Lakini si sahihi pia kutumia mchanganyiko huo kama kisingizio cha kusema jinsia haikuhusika. Mtu aliyeanza kazi chini kwenye karakana, akazoeleka kuitwa msaidizi wa Hahn ilhali aliongoza idara yake ya fizikia, alikuwa rahisi kusahaulika.

Njia nyingine ambayo jina hudondokea ni ngazi kati ya mwanafunzi na mkubwa wake. Mwaka 1925 Cecilia Payne, akiwa Harvard, aliandika katika tasnifu yake kwamba nyota zimeundwa zaidi kwa hidrojeni na heliamu. Wakati huo wataalamu waliamini jua lina mchanganyiko unaofanana na wa dunia. Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo, alimshauri kwamba matokeo hayo hayawezekani, naye Payne akaandika katika tasnifu hiyohiyo kwamba yaelekea si ya kweli. Mwaka 1929 Russell alifikia jibu lilelile kwa njia nyingine, na alimtaja Payne katika makala yake. Hata hivyo kwa miaka mingi watu walimhesabia Russell. Payne angeweza kukataa ushauri? Mustakabali wake wote ulikuwa mikononi mwa watu kama Russell.

Jocelyn Bell, sasa Bell Burnell, alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge mwaka 1967 alipoona alama ndogo isiyo ya kawaida kwenye karatasi ndefu za darubini ya redio aliyoshiriki kuijenga. Msimamizi wake, Antony Hewish, mwanzoni alidhani ni mwingiliano wa mitambo ya watu. Bell hakuiacha, na ikawa ugunduzi wa pulsa, nyota zinazozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio. Waandishi wa habari walimuuliza Hewish kuhusu fizikia, na Bell wakamuuliza kuhusu wavulana. Nobel ya mwaka 1974 ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle. Bell Burnell mwenyewe amewahi kusema kwamba wanafunzi hawapaswi kupewa Nobel ila kwa hali za pekee sana, na kwamba yake hakuiona kuwa mojawapo. Wengine hutumia kauli hiyo kufunga mjadala. Mimi naiona kama ushahidi wa upole wake, wala haifuti swali la kwa nini aliyeona kwanza hakusimama jukwaani. Mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, akazitoa zote kufadhili wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo.

Hoja zinazorudi kila mjadala

"Mbona Marie Curie alifanikiwa?" Hii ndiyo ya kwanza daima. Curie alipata Nobel mbili, mwaka 1903 na 1911. Mwaka 1903 mpango wa awali ulikuwa kuwapa Henri Becquerel na Pierre Curie tu. Mwanahisabati mmoja wa Uswidi, Gösta Mittag-Leffler, alimdokeza Pierre kwa barua, naye Pierre akashikilia kwamba mkewe ahesabiwe. Mwaka 1911, miezi kadhaa kabla ya tuzo yake ya pili, Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkataa kwa kura chache. Ikiwa hata yeye alihitaji mume mwaminifu na barua iliyofika kwa wakati, habari yake haithibitishi kwamba mlango ulikuwa wazi.

Hoja ya pili ni kwamba wanaume ndio wabaguzi, wanawake ndio wenye kubaguliwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wahadhiri 127 wa sayansi, wanaume kwa wanawake, maombi ya kazi ya kusimamia maabara. Maombi yalilingana neno kwa neno, ila nusu yalikuwa na jina John na nusu Jennifer. John alionekana hodari zaidi na kupendekezewa mshahara wa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka, Jennifer dola 26,508. Wahadhiri wanawake walimpunguzia Jennifer sawasawa na wenzao wanaume. Hii ndiyo ile sura ya pili ya ubaguzi, ile ya vichwani, na haichagui kichwa.

Jaribio hilo linajibu pia hoja ya tatu, kwamba mambo haya yaliisha pamoja na miaka ya 1950. Utafiti uliotoka katika Nature mwaka 2022 ulichunguza timu za utafiti za Marekani kwa kutumia kumbukumbu za malipo, hivyo ulijua nani hasa alikuwa akifanya kazi. Uwezekano wa mwanamke kutajwa kuwa mwandishi wa makala ulikuwa chini kwa takriban asilimia 13 kuliko wa mwanaume kwenye timu hiyohiyo. Kwenye hataza pengo lilikuwa karibu asilimia 58. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayoagiza hivyo. Ni mazungumzo ya dakika chache, mradi ukielekea mwisho, kuhusu nani aliyefanya "kazi ya msingi" na nani "alisaidia".

Kwa kuwa tatizo linakaa katika taratibu, taratibu zikibadilishwa matokeo hubadilika. Wasimamizi wa darubini ya anga ya Hubble waliona kwa miaka mingi kwamba maombi ya kuitumia yaliyoongozwa na wanawake yalikubaliwa kwa kiwango cha chini kuliko ya wanaume. Mwaka 2018 waliwafichia wakaguzi majina ya waombaji, ili wasome wazo kabla ya mtu. Katika duru hiyo ya kwanza maombi ya wanawake yalikubaliwa kwa asilimia 8.7 na ya wanaume kwa asilimia 8.0. Sayansi ilikuwa ileile na wakaguzi walikuwa wa aina ileile. Majarida mengi nayo sasa yanadai maelezo ya nani alibuni wazo, nani alipima, nani alichambua na nani aliandika, jambo ambalo mwaka 1953 lingeiweka makala ya Franklin mahali tofauti kabisa. Lakini maelezo hayo hujazwa na timu yenyewe, na anayeamua yaandikweje kwa kawaida ni mkuu wa maabara.